Hao kware mia tatu

Chalii yangu,

Mambo? Za tangu Pasaka? Huku Pasua wote wazima, bi mkubwa anakusalimia na anauliza ndoo yake.

Sasa nisikuzungushe. Mama Neema kaniambia umevuta hela ya kikoba unataka kununua kware 300 kwa mpigo. Mia tatu! Nilidhani kachanganya na kuku. Kaka, umesahau ya Kenya mwaka 2014? Yai la kware lilikuwa linauzwa kama dawa, kisukari, presha, nguvu za kiume, eti kila kitu linatibu, watu wakaingia kwa pupa, halafu kila mtu ana mayai na mnunuzi hayupo.

Mimi sikatai kware ujue. Hawa wangu wa uani ni wa kula nyumbani na raha yao naijua, wiki ya sita ya saba hivi jike ashaanza kutaga, muda huo kuku wa kienyeji bado anakimbizwa na mwewe. Mayai matano ni kama yai moja la kuku. Nyama tamu ila ndogo, Baba Ima alikula wawili akauliza chakula kinaletwa saa ngapi.

Lakini mia tatu? Kila mmoja anakula gramu 20 na kitu kwa siku, piga hesabu, hapo ni kilo sita saba kila siku iendayo kwa Mungu, na wanataka chakula chenye protini, ukiwapa pumba tupu mayai yanakata. Na hawaatamii hao, lazima mashine ya kutotolesha, siku 17 au 18, sasa na umeme wetu huu… Kifaranga akitoka ni kama nyuki, anazama kwenye chombo cha maji hivi hivi, weka kokoto humo. Wiki ya kwanza wanataka joto la nyuzi 35 na zaidi, na baridi ya huko kwenu mwezi wa saba unaijua. Ukitumia jiko la mkaa acha hewa ipite la sivyo utawaua wote. Banda nalo liwe fupi, wakishtuka wanaruka wima, dari ikiwa ya juu wanajipasua vichwa.

Ila yote hayo yanafundishika. Soko ndo linaninyima usingizi. Anza na majike ishirini, madume matano, mle kwanza nyumbani.

Niambie basi, nani kakuahidi kununua? Hoteli, au ni yule yule anayekuuzia vifaranga? Watu wa Maliasili umewauliza habari ya kibali cha kufuga kware? Shemeji anajua hela ni ya kikoba? Na umeshalipa au bado? Kama bado usilipe mpaka nije Jumamosi. Nitakuja na madume wawili, unitafutie wengine wa damu tofauti huko tubadilishane, wangu sasa wanapandana ndugu kwa ndugu.

Nijibu leo leo.

Mangi