Mjomba, namba 2 yako siikubali

Mjomba, shikamoo.

Kikosi chako cha besiboli cha nyakati zote nilikipata juzi usiku. Nilikisoma nikiwa kitandani, usingizi ukaruka. Mchezo huu umenifundisha wewe, tangu mwaka nilipofika Pittsburgh nikiwa sielewi kwa nini watu wanasimama na kushangilia mpira uliopotelea jukwaani. Sasa naomba unisikilize.

Mengi tunakubaliana katika namba hizi za nafasi za uwanjani. Namba 3, beisi ya kwanza, ni ya Lou Gehrig: mechi 2,130 mfululizo bila kukosa hata moja, mpaka maradhi yalipomtoa uwanjani mwaka 1939. Namba 6 ni Honus Wagner, wa Pittsburgh yetu hii. Namba 5 Mike Schmidt, namba 7 Ted Williams, sawa. Namba 4 umempa Rogers Hornsby. Mimi ningempa Joe Morgan, lakini kwa hilo sigombani. Mrushaji ni Walter Johnson mwenye ushindi 417, na hapo sina neno.

Namba 8 ni Willie Mays, na hapa niache niseme kidogo maana nampenda. Ile picha ya fainali za 1954 uliyonionyesha sijachoka kuitazama. Vic Wertz anaupiga mpira mbali sana, Mays anageuka na kuwapa mgongo wote waliopo, anakimbia kuelekea ukuta, anaudaka ukitokea juu ya bega lake, kisha anazunguka na kuurusha papo hapo. Alipofariki Juni 2024 ulinipigia simu, tukakaa kimya kwanza.

Sasa namba 2, nafasi ya mdakaji. Umemweka Johnny Bench. Bench alikuwa mdakaji hodari, mkono wake uliwatia hofu wote waliotaka kuiba beisi, yaani kuikimbilia beisi inayofuata bila mpira kupigwa. Lakini Josh Gibson umemwacha nje kabisa, hata benchi hukumpa, na sababu uliyoandika ni fupi: "Hakucheza ligi kuu."

Mjomba, hakucheza kwa sababu mlango ulifungwa. Alikulia katika mji huu huu, akachezea Homestead Grays na Pittsburgh Crawfords katika ligi za watu weusi, kwa kuwa timu za ligi kuu hazikumpokea mchezaji mweusi hata mmoja. Grays walikuwa wakiutumia uwanja wa Forbes Field wakati Pirates, timu ya ligi kuu ya hapa, wamesafiri. Uwanja uleule, ukuta uleule, umbali uleule. Gibson alifariki Januari 1947 akiwa na miaka 35. Jackie Robinson, mweusi aliyeufungua mlango huo, aliingia uwanjani na Brooklyn Dodgers tarehe 15 Aprili mwaka huohuo. Haikufika miezi mitatu. Na kaburi la Gibson, pale makaburini Allegheny, lilikaa miaka mingi bila jiwe lenye jina lake.

Mwaka 2024 ligi kuu yenyewe iliziingiza takwimu za ligi zile katika vitabu vyake. Wastani wa Gibson wa kupiga ukawa .372, yaani katika kila zamu 1,000 za kupiga, 372 aliupiga mpira akafika beisi salama. Ty Cobb, aliyeongoza orodha hiyo kwa miongo mingi, akashuka chini yake. Najua utasema misimu ile ilikuwa mifupi, mechi za ligi chache. Ni kweli. Utasema pia Gibson hakukutana na warushaji bora wa ligi kuu. Basi tuulize upande wa pili: Babe Ruth, ambaye umemweka namba 9 bila kusita, alikutana lini na Satchel Paige, mrushaji wa ligi za watu weusi, katika mechi ya ligi? Homurani zake zote 714, ile mipigo ya kuupeleka mpira jukwaani, alizipiga katika ligi ambayo Paige hakuruhusiwa kurusha mpira hata mmoja. Ruth simtoi, mjomba. Ninachosema ni kwamba ukuta ule ulikuwa na pande mbili, na wewe umempunguzia alama aliyekuwa nje peke yake.

Ted Williams wako aliliona hili. Mwaka 1966, siku aliyoingizwa kwenye Jumba la Mashujaa wa besiboli pale Cooperstown, alisimama mbele ya watu akawataja kwa majina Paige na Gibson, akasema anatumaini siku moja nao wataingizwa. Gibson aliingizwa 1972.

Niseme na lililonikosesha usingizi hasa. Uliwahi kunisimulia ulivyofika nchi hii na vyeti vyako mkononi, miaka 11 ukifundisha hisabati Tabora, na ofisi moja ikakuambia miaka hiyo haihesabiki kwa kuwa hukuifundisha hapa. Ulianza upya kwa kufagia korido. Uliponieleza ulikuwa unamenya chungwa, na kisu kikasimama. Wanafunzi wako wa Tabora, wengine wahandisi leo, bado wanakuita Mwalimu. Hesabu uliyowafundisha ilikuwa hesabu.

Kwa hiyo naomba uchukue tena karatasi yako. Bench awe wa akiba, hatakuwa amevunjiwa heshima. Namba 2 mwandike Gibson, kwa kalamu ya wino. Jumapili nakuja na mihogo, na tukimaliza kula nataka twende wote Allegheny, maana miaka yote hii hatujawahi kufika pale.

Ni mimi mpwa wako.