Karura Jumapili hii

Hamjambo wapendwa. Jumapili tukutane msitu wa Karura, lango la Limuru Road, saa mbili na nusu asubuhi kabla jua halijawa kali. Mimi, mume wangu na mbwa wetu Simba tutatangulia tuwangoje.

Mbwa wanaruhusiwa, ila wawe kwenye kamba muda wote, maana mle kuna kima na paa. Mara ya mwisho Simba aliona kima juu ya mti, akavuta kamba hadi kiganja changu kikachubuka. Tafadhali, mtoto mdogo asiachiwe mbwa peke yake.

Tutatembea hadi maporomoko ya maji na yale mapango waliyojificha Mau Mau. Chupa za plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku misituni tangu 2020, bebeni za chuma. Mama ataleta mahamri na chai ya tangawizi. Shemeji, matunda ni yako. Wangari Maathai alipigwa akiutetea msitu huu mwaka 1999, kwa hiyo tusiache hata ganda la ndizi.

Tumewakosa sana tangu harusi, njooni. Anayekuja aandike hapa kufikia Ijumaa usiku, na idadi ya watoto.