Laptopu Imejaa? Tuifungue Kwanza Kabla Hujanunua Kitu

Ule mstari wa diski C ukishageuka mwekundu, wateja wengi huja na moja kati ya mawazo mawili: kununua laptopu nyingine, au kununua diski ya nje ya kutembea nayo. Kwa laptopu nyingi zinazofika dukani kwetu, hasa zile za ofisini zilizotumika Ulaya kabla ya kuletwa huku, ipo njia ya bei nafuu zaidi. Inategemea tu mtengenezaji aliacha nafasi gani ndani.

Usafi ndio wa kwanza, na unaweza kuufanya mwenyewe nyumbani. Anza na folda ya Downloads, maana video za WhatsApp ulizopakua kwenye kompyuta hurundikana huko. Kama uliwahi kupandisha toleo la Windows, angalia Windows.old, folda hiyo huweza kushika gigabaiti nyingi bila kazi yoyote, mradi huna mpango wa kurudi toleo la zamani. Halafu kuna faili linalotunza kazi zako laptopu inapolazwa kwa Hibernate. Kwenye mashine ya RAM 8GB, faili hilo peke yake hufika zaidi ya 3GB. Linaondolewa kwa amri ya powercfg /h off, unayoiandika kwenye Command Prompt iliyofunguliwa kama administrator, ila ujue kwamba Windows itachelewa kidogo kuwaka.

Na kabla hujamgombeza aliyekuuzia: diski ya 128GB ikisomeka 119, hujaibiwa. Kiwandani gigabaiti moja ni baiti bilioni moja, Windows inaihesabu kubwa zaidi ya hapo. Ndiyo maana 256 husomeka 238.

Kama usafi hautoshi, tunashika bisibisi.

Laptopu zenye diski ya kuzunguka ndizo zenye faida kubwa kwa pesa kidogo. Tunatoa ile diski, tunaweka SSD (diski ya chipu, isiyozunguka) ya inchi 2.5 mahali pale pale, tunahamisha Windows na mafaili yote jinsi yalivyo. Diski ya zamani inasoma kama megabaiti 100 kwa sekunde, SSD ya aina hii hukaribia 500, kwa hiyo mteja aliyekuja kutafuta nafasi anaondoka na laptopu inayokimbia pia. Ile diski iliyotoka hatuitupi. Kama bado nzima, inaingia kwenye kasha dogo la USB, na hapo umepata diski ya nje kwa bei ya kasha tu. Chagua kasha la USB 3.0. La USB 2.0 utalijutia siku ya kuhamisha video za harusi.

Laptopu nyingine zina nafasi ya pili ambayo mwenyewe hajawahi kuijua. HP EliteBook 840 G3 ina sehemu ya diski ya inchi 2.5 na pia tundu la M.2, yaani la SSD nyembamba yenye umbo la kadi, kwa hiyo unaongeza bila kutoa. ThinkPad T480 ina tundu fupi lililokusudiwa kadi ya intaneti ya laini ya simu. Kama hutumii laini, linapokea SSD ndogo ya urefu wa milimita 42. Laptopu za zamani zenye DVD zinawekewa fremu ya diski mahali pa DVD. Pima unene kwanza, kwani fremu zipo za milimita 9.5 na 12.7, na ile nene haitaingia kwenye nafasi nyembamba hata uisukume vipi.

Kwenye M.2 ndiko watu wanakopoteza pesa. Kuna za SATA na kuna za NVMe, aina mbili zinazowasiliana na kompyuta kwa njia tofauti, na kwa macho zinafanana kama pacha. Ya aina isiyo sahihi huweza kuingia vizuri kabisa kwenye tundu, unafunga skrubu, unawasha, na laptopu haioni chochote. Usinunue kwa kufananisha picha. Tuletee mashine, au tutumie jina kamili la modeli lililoandikwa chini yake.

Zipo pia ambazo hatuwezi kuzisaidia kwa ndani. HP Stream na laptopu ndogo za jamii hiyo zina hifadhi ya 32GB au 64GB iliyochomewa kwenye bodi, na MacBook Air za kuanzia 2018 nazo zimechomewa. Mtu akikuambia atakuongezea kwa bei poa, muulize ataichomeka wapi. Hizi tunazisaidia kwa SSD ya nje, au kadi ya kumbukumbu kama tundu lipo. Hifadhi ya mtandaoni ni nzuri kwa nyaraka, Google wanatoa 15GB bure, lakini ukianza kupandisha video bando lako litakwambia ukweli.

Sasa hizi flashi za 2TB zinazouzwa kwa bei ya flashi ya kawaida. Ni feki. Ndani ina chipu ndogo iliyofundishwa kuidanganya kompyuta kuhusu ukubwa wake. Unapakia, majina ya mafaili yanaonekana yote, kumbe yanayozidi uwezo wake yamepotea au yamefuta yaliyotangulia. Kama tayari unayo, ijaribu kwa programu ya bure ya H2testw, inayoijaza yote kisha kusoma kilichoingia. Nakili vitu vyako kwanza.

Ukija kubadilisha diski, njoo na chaja na nywila ya kuingilia. Kama laptopu imefungwa kwa BitLocker, ule ulinzi wa Windows unaofunga data ya diski, tafuta namba yako ya dharura (recovery key) kwenye akaunti ya Microsoft kabla hujatoka nyumbani. Bila hiyo Windows inaweza kugoma kufunguka baada ya kazi. Kukagua hatutozi. Kuhamisha data huchukua muda, hasa diski ikiwa imechoka, kwa hiyo wanaoleta asubuhi ndio wanaochukua siku hiyo hiyo.