Wamoravian Afrika hawakuanzia Rungwe

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua. Kila zikitoka makala za historia ya kanisa letu la Moravian stori ni ileile, wamisionari walivyofika Rungwe 1891, na sisi watu wa Mbeya hatuna ugomvi na Rungwe hata kidogo, lakini jamani zaidi ya miaka mia kabla ya hapo Wamoravian walishakuwepo Cairo, Misri, na mmoja wao alikuwa anatunga muziki hukohuko. Mbona huyu hapewi hata mstari mmoja?

Anaitwa John Antes. Kazaliwa Pennsylvania 1740, fundi haswa, akiwa na miaka 19 katengeneza violini ambayo mpaka leo ipo makumbusho kule Nazareth, Pennsylvania, halafu akajua na ufundi wa saa. 1769 akabarikiwa kuwa mchungaji, mwaka uliofuata huyo Misri, akakaa zaidi ya miaka kumi. Na msidhani alikuwa anakula raha, 1779 watu wa mkubwa mmoja aitwaye Osman Bey walimkamata wanataka hela, wakamtandika nyayo mpaka kutembea ikawa shida. Sasa mtu wa hivyo ndio katunga trio tatu, yaani muziki wa ala tatu, violini mbili na selo (ndugu mkubwa wa violini), na zilipochapishwa London kwenye jalada ikaandikwa kabisa kwamba zimetungwa Cairo, na yeye akaitwa Mmarekani mpiga muziki wa ridhaa, jina la ukoo limefupishwa kwa herufi tu. Wa ridhaa! Mpwa wake Christian Latrobe, naye mchungaji na mtunzi, alikuwa rafiki wa Haydn, yule mtunzi maarufu wa Austria, kwa hiyo hii familia haikuwa ya kubahatisha.

Za kwaya nazo alitunga, zaidi ya ishirini, mojawapo ni Isaya 53, hakika ameyachukua masikitiko yetu, wanakwaya wenzangu hiyo aya mnaijua vizuri. Alifia Bristol, Uingereza, 1811.

Ombi langu kwako mhariri, mpeni huyu mzee nusu ukurasa Jumapili moja. Na walimu wa kwaya, nota za hawa watunzi wa zamani zinatunzwa na Moravian Music Foundation kule Winston-Salem, Marekani, waandikieni barua pepe muwaulize, hiyo Isaya ikipata maneno ya Kiswahili tunaweza kuiimba Ijumaa Kuu.

Mwanakwaya, Mbeya