Zuia ukurasa wa 14

Sahibu yangu Mbwana,

Assalaam alaykum. Hali yako, na mama watoto, na mzee mguu wake? Huku wazima. Najua umekwisha kunitia kwenye orodha ya wasiojibu. Rasimu ya kijitabu chako ilinifikia kabla ya Ramadhani na leo ndio nashika kalamu, basi nisamehe tuyamalize. Kilichonistua ni kusikia kwa Bi Zena kwamba karatasi zinakwenda kwa mpiga chapa Jumatatu. Ukurasa wa 14 usiende. Zingine nitazisemea, lakini huo zuia hata kwa kuukalia.

Umeandika kwamba Ahmad ibn Majid, yule baharia mkuu wa Kiarabu, ndiye aliyemwongoza nahodha Mreno Vasco da Gama kutoka Malindi hadi Calicut, India, mwaka 1498. Si wewe tu, hayo yamekaririwa darasani miaka na miaka. Lakini hayana mguu wa kusimamia. Shajara iliyoandikwa na mmoja wa waliokuwamo safarini haimtaji Ibn Majid. Inasema mfalme wa Malindi alileta rubani "Mkristo", na wakati huo Wareno walidhani Mabaniani ni Wakristo, kwa hiyo hilo lisikubabaishe. Waandishi wa historia wa Kireno waliofuata wanasogea karibu zaidi: Castanheda anasema ni Mgujarati aliyeitwa Canaqua, na Barros anamwita Malemo Caná, Mwislamu wa Gujarat.

Sasa lisome hilo "Malemo" kwa sikio la pwani. Ni maalimu! Maalimu wa chombo, yule anayeshika hesabu za njia. Na "kanaka" ni neno la Bara Hindi, mpiga hesabu, hasa za nyota. Yaani Wareno waliuliza jina wakapewa cheo, mara mbili, kwa lugha mbili. Ni kama mgeni auandikie ulimwengu kwamba dereva wake aliitwa Bwana Dereva Suka.

Jina la Ibn Majid limetoka wapi basi? Kwa Qutb al-Din al-Nahrawali, mwandishi wa Makka, aliyeandika kuhusu Waturuki kuiteka Yemen, zaidi ya miaka 70 baada ya safari yenyewe. Anasema Wafaranji, yaani hao Wareno, walionyeshwa njia na Ibn Majid baada ya kuleweshwa. Malindi haitaji kabisa. Karne ya 20 mtaalamu Mfaransa, Gabriel Ferrand, akaliunganisha hilo na rubani wa Malindi, vitabu vya shule vikachukua, tukabaki nalo. Ibn Majid mwenyewe, mtu wa Julfar, huko Ras al-Khaimah ya leo, alikamilisha kitabu chake kikubwa cha ubaharia karibu na mwaka 1490. Katika shairi la njia ya Sofala Wafaranji wanatajwa, lakini hasemi popote kwamba aliwashika mkono. Kumtia yule mzee ulevi na usaliti kwa ushahidi wa namna hiyo, mimi naona ni dhuluma.

Na picha ya yule kijana wa Athumani, ya sultani anamkabidhi rubani kwa tabasamu na uvumba, ibadilishwe. Tarehe 14 Aprili Wareno walitia nanga Malindi. Wakapelekewa kondoo 6 na karafuu, bizari, tangawizi, kungumanga na pilipili (pilipili ile ile waliyokuwa wanaikimbilia India!). Sherehe zikapigwa, ila rubani haji. Tarehe 22 mtu wa karibu wa mfalme akapanda chomboni. Da Gama akamkamata, akapeleka ujumbe: nataka rubani niliyeahidiwa. Rubani akaja, yule bwana akaachiwa. Huo ndio urafiki wa Malindi. Hila ya mfalme ninaielewa, maana alikuwa na ugomvi wake na Mombasa na alimtaka mgeni mwenye mizinga upande wake. Halafu bandarini palikuwa na vyombo 4 vya Wahindi. Rubani wa Kigujarati hapo haikuwa muujiza.

Unaniuliza kwa nini nashikilia jambo la jina. Kwa sababu ukiweka "baharia mkuu", msomaji ataona kuvuka kulikuwa siri ya mtu mmoja mwenye kipaji. Siri ilikuwa kalenda ya pepo, na kalenda hiyo ilijulikana na kila nahodha kutoka Kilwa hadi Cambay ya Gujarat. Hapa ndipo rasimu yako inapopita mbio mno.

Angalia tarehe. Waling'oa nanga Malindi tarehe 24 Aprili, kusi, upepo wa kuwapeleka India, ndiyo linaanza kushika, bado halijachachamaa. Siku 23 bila kuona nchi kavu, kisha milima ya India tarehe 18 Mei, na tarehe 20 wako mbele ya Calicut. Wangechelewa mwezi wangeikuta pwani ya magharibi ya India katika wakati ambao bandari zinafungwa, mvua na mawimbi mtindo mmoja. Kwenda waliongozwa na mtu anayejua.

Kurudi walijiamulia wenyewe. Waliondoka Calicut tarehe 29 Agosti wakiwa wamegombana na watu, na kisiwa cha Anjediva, hapo hapo pwani ya India, wakakiacha tarehe 5 Oktoba. Oktoba, Mbwana! Kusi limekufa, kaskazi, upepo wa kurudi huku, halijazaliwa, maleleji matupu: leo shwari, kesho upepo wa omo. Zile siku 23 zikawa miezi mitatu kasoro siku tatu, hadi walipoiona Mogadishu tarehe 2 Januari 1499. Kiseyeye kikawala: fizi zinavimba zinafunika meno mtu hawezi kutafuna, miguu inajaa. Watu 30 walikufa katika kuvuka huko, juu ya 30 waliokufa kabla, na kila chombo kikabaki na watu 7 au 8 wa kufanya kazi. Walipofika Malindi, jambo la kwanza la wagonjwa lilikuwa machungwa. Wangesubiri Desemba, kaskazi lingewavusha kwa wiki chache tu. Baadaye Wareno walijifunza: merikebu zinatoka Lisbon Machi au Aprili, zinarudi kutoka India Desemba au Januari.

Sehemu uliyoandika kuhusu merikebu yao moja, "São Rafael ilizama", irekebishe. Haikuzama, waliichoma wenyewe Januari 1499, karibu na Tanga, kwenye miamba ile ile ilipopwelewa wakati wa kwenda, kwa kuwa mabaharia waliobaki hawakutosha kuendesha vyombo vitatu. Na merikebu zilizotoka Lisbon Julai 1497 zilikuwa 4, si 3. Ile ya akiba ilivunjwa njiani, kwenye ghuba inayoitwa leo Mossel Bay, Afrika Kusini. Mchoraji naye usimwache ampe São Gabriel, merikebu ya da Gama mwenyewe, matanga ya jahazi. Ilikuwa na matanga ya mraba mbele na katikati, lile la pembe tatu lilikuwa kwenye galme tu, mlingoti wa nyuma. Berrio, kile chombo chao kidogo, ndiyo iliyofanana zaidi na vyombo vyetu.

La mwisho kuhusu rubani, maana silimalizi. Barros anasimulia kwamba da Gama alimwonyesha astrolabu ya mbao, kifaa cha kupimia kimo cha jua, akidhani atashangaa. Hakushangaa. Akasema baadhi ya marubani wa Bahari ya Sham wana vifaa vya shaba vya pembe tatu, naye mwenyewe alikuwa amekwisha kutoa ramani yake ya pwani ya India. Ukitaka picha ya kujaza ukurasa 14, mpe kijana huyo mtu: hana jina, kakunjua ramani, uso mkavu.

Zawadi da Gama alizotaka kumpa mfalme wa Calicut umeziacha, kwa nini? Kofia 6, mabeseni 6 ya kunawia, sukari, asali, mafuta! Watumishi wa mfalme walicheka mpaka basi, wakasema mfanyabiashara fukara wa Makka hutoa zaidi ya hayo. Watoto watalipenda hilo.

Haya, nijibu upesi. Je, mpiga chapa anakubali kubadilisha ukurasa mmoja bila kuongeza bei? Nani aliyekupa tarehe ya ile nguzo ya da Gama ya Malindi? Umeandika 1498, lakini ombi la kuisimika lilitolewa waliporudi, Januari 1499. Athumani amekwisha kumlipa kijana? Na lile daftari langu la majina ya pepo ulilolichukua mwaka juzi, unalo bado au ndio limevuka na kusi? Bi Zena anasema umeuza pikipiki, kweli?

Wako,
Sefu