Barua kwa Rehema kuhusu Halley na Moonee

Tanga

Mpendwa dada Rehema,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo nyumbani. Barua yako nimeipata, na nimefurahi kwamba hatimaye umeitazama The Florida Project, filamu ya Sean Baker ya mwaka 2017. Umeandika kwamba Halley ni mama mbaya na kwamba filamu inamtetea. La kwanza silipingi sana, ila la pili siwezi kulikubali.

Tuanze na mahali wanapoishi. Moteli ya Magic Castle, yenye kuta za zambarau, iko Kissimmee katika jimbo la Florida, jirani na Walt Disney World, ambako familia kutoka kila pembe ya dunia huenda kutumia fedha ili watoto wao wafurahi. Halley na bintiye Moonee, mwenye umri wa miaka 6, hulipia chumba kwa wiki, na mara kwa mara meneja huwataka wakihame kwa usiku mmoja ili wasije wakapata haki za mpangaji wa kudumu. Mama anayezunguka kwenye maegesho ya hoteli akiwauzia watalii manukato, huku kodi ya wiki ikimsubiri, hana nafasi ya kupanga mambo ya mwaka ujao, wala filamu haijifanyi kwamba anayo.

Hata hivyo, umaskini haumfuti Halley makosa. Anampenda mtoto, na hilo halina shaka: wanacheza pamoja kwenye mvua, wanacheka, na karibu na mwisho wanajifanya wageni wa hoteli ili Moonee ale kifungua kinywa hadi ashibe, huku mama akimtazama tu. Lakini amekuwa mwenzake wa michezo, na mtoto huyo hana mtu wa kumwambia basi. Anapoanza ukahaba, humfungia Moonee bafuni na kumwashia muziki kwa sauti kubwa. Sioni utetezi wowote hapo. Kamera inabaki bafuni na mtoto, nasi tunaachiwa tuelewe wenyewe.

Wewe umeliona jambo hilo kuwa ndilo lililowaangusha. Mimi nadhani walianguka mapema zaidi, pale urafiki na Ashley ulipovunjika. Ashley, anayeishi katika moteli hiyo hiyo, alikuwa akiwapa watoto chakula kwenye mlango wa nyuma wa mgahawa anakofanyia kazi. Watoto walipoteketeza nyumba zilizotelekezwa, akamkataza mwanawe Scooty asicheze tena na Moonee, jambo ambalo mzazi yeyote mwenye akili angelifanya. Wakati ule Halley hakumfuata wayazungumze. Alijibu kwa kejeli, na baadaye, alipoelezwa waziwazi kwamba njia anayojipatia fedha inajulikana, akampiga Ashley vibaya mbele ya Scooty. Kwa mtu asiye na akiba wala ndugu wa karibu, jirani ndiye bima yake. Baada ya ugomvi ule amebaki Bobby, yule meneja, ambaye huwafukuzia watoto watu wabaya na kumvumilia Halley kupita kiasi, lakini hawezi kuwazuia maafisa wa ustawi wa jamii wanapokuja kumchukua Moonee. (Willem Dafoe, anayemwigiza Bobby, aliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar kwa nafasi hiyo, na alistahili.)

Kuhusu mbio za mwisho za Moonee na rafiki yake Jancey kuelekea Disney, ambazo wewe umeziona kuwa za kitoto, mimi nimeridhika nazo kwa sababu hiyo hiyo. Zilirekodiwa kwa siri kwa simu ya mkononi, na mtoto aliyekosa mtu mzima wa kumkimbilia amemkimbilia mtoto mwenzake. Ila sijui kama ungekuwa wewe Ashley, ungewaita maafisa au ungenyamaza. Filamu haisemi ni nani aliyewaita. Niandikie unavyoona.

Wako,
Salma