Stelingi hafi: barua kwa shoga yangu Mombasa

Langoni, Lamu

Shoga yangu,

Assalaam alaykum. Huku sote tu wazima, alhamdulillahi. Mama anakusalimu na anauliza lini utamletea wajukuu zake. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza jikoni, nikaurudia usiku watoto walipolala, maana umeniuliza jambo lisilojibika kwa simu. Umesema wanao likizo hii yote ni mapigano na majoka, mapanga na magari yanayoruka, na baba yao anataka kuzipiga marufuku filamu hizo zote. Ukaniuliza mimi, niliyezipenda tangu utotoni: kuna faida gani humo?

Faida ipo, na kasoro ipo, tena kubwa. Lakini mwambie shemeji kwamba yeye anaogopa ngumi, na mimi naogopa ngumi isiyouma.

Niache nianze na uzuri, kwa sababu watu wazima huuruka. Filamu ya mapigano iliyotengenezwa vyema ni kazi ya ufundi wa hali ya juu, na mtoto akionyeshwa pa kuangalia atauona. Kuna filamu ya mwaka 2015, Mad Max: Fury Road, ya George Miller wa Australia, iliyopigwa sehemu kubwa katika jangwa la Namibia. Kisa chake ni kifupi mno: watu wanatoroka na lori, wanafukuzwa, kisha wanageuza kurudi walikotoka. Mpwa wangu alikuwa akiiangalia kwenye laptopu, nikamwambia weka kidole katikati ya skrini na usikiondoe. Picha ikabadilika, ikabadilika tena, upesi upesi, na karibu kila mara lile jambo lenyewe likawa pale pale chini ya kidole: uso wa Furiosa anayeliendesha lile lori, mtutu wa bunduki, mkono juu ya usukani. Mtoto alipigwa na butwaa. Miller na mpiga picha wake John Seale walikusudia hivyo, jicho lisihangaike kutafuta katikati ya fujo. Margaret Sixel aliyeihariri alipata Oscar, na filamu yenyewe ikachukua Oscar 6.

Halafu nikamwekea kipande cha Taken 3, pale Liam Neeson anaporuka uzio. Ni tendo la sekunde chache, nao wamelikata vipande zaidi ya kumi. Mkono, mguu, uzio, mgongo, uzio tena. Humwoni mtu akiruka; unaambiwa tu kwamba ameruka. Ndiyo hila ya filamu nyingi za siku hizi: kamera inatikisika, picha zinakatwakatwa, na mtazamaji anachukulia kizunguzungu chake kuwa ni msisimko. Wanao waulize baada ya pigano lolote: nani alikuwa wapi, na alitokaje pale? Wakishindwa kujibu, mara nyingi kosa ni la waliotengeneza.

Mfano wa wazee wetu ni Jackie Chan. Katika Police Story ya mwaka 1985 anajirusha kutoka juu ndani ya duka kubwa, anadaka nguzo iliyozungushiwa taa, anaserereka nayo taa zikipasuka, mpaka anaangukia vioo vya chini. Zile taa zilikuwa za moto kweli, na viganja vyake viliungua. Tendo hilo hilo analirudia kutuonyesha kwa pembe tofauti, mtu asije akasema ni uongo. Sisemi watu waungue mikono ili sisi tufurahi. Nasema mwili wake una uzito, na sisi tunaouangalia tunaujua uzito huo kwa miili yetu. Na watu wa kazi hii, wale wanaoanguka badala ya waigizaji, wamekaa karibu miaka 100 ya Oscar bila tuzo yao. Ni mwaka 2025 tu ilipotangazwa kwamba itaanza kutolewa, kwa filamu za mwaka 2027. Hilo ni deni lililochelewa kulipwa.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Unakumbuka vijana wa mtaani walivyokuwa wakisema picha ikianza tu: “Stelingi hafi.” Ukishamjua stelingi, yaani shujaa wa picha, basi roho imetulia. Risasi zitampita, ghorofa itamwangukia, naye atainuka akijipangusa vumbi. Lakini sisi watu wa huku hatukulelewa hivyo. Shujaa tuliyepewa na bibi zetu ni Fumo Liyongo, na Liyongo anakufa.

Kifikirie tena kisa kile kama unaangalia filamu. Mtu ambaye silaha haimdhuru, mfalme wa Pate anamwogopa, anamfunga. Mama yake anampelekea mkate wa wishwa kwa mkono wa mjakazi Saada. Walinzi wanaudharau mkate ule, na ndani yake mna tupa. Nje watu wanacheza gungu, ngoma inalia, na chini ya kelele ile yeye anakata minyororo. Niambie ni mwandishi gani wa Hollywood aliyewahi kupanga utoro mzuri kuliko huu! (Ingawa sijaacha kujiuliza Saada alilipwa nini. Utendi haunipi jibu linaloniridhisha.) Kisha siri yake: sindano ya shaba ikichomwa kitovuni, basi. Na anayeipeleka sindano ile ni mwanawe wa kumzaa, aliyeahidiwa cheo na binti wa mfalme. Liyongo anaamka na jeraha, anachukua upinde, anakwenda kupiga goti karibu na kisima mshale ukiwa tayari, na anafia pale pale, katika hali ile ile. Watu wa mji wanakaa na kiu kwa kuogopa maiti. Muhammad Kijumwa aliyetuandikia utendi huo mwaka 1913 alikuwa mtu wa Lamu hapa, na hakuhitaji jengo hata moja kuanguka.

Basi kipimo changu ni hicho cha kitovu. Kila nikiangalia filamu ya mapigano au ya maajabu najiuliza: huyu anaweza kuchomwa wapi, na na nani? Kama hapana mahali, mimi nalala usingizi hata kama mabomu yanalipuka.

Black Panther ya mwaka 2018 unaikumbuka, tulivyojivuna kumwona Lupita Nyong’o mle ndani. Naipenda, na ndiyo maana naitia ukali. Ndani yake mna mapigano mawili yanayofundisha jambo hili lote. La kwanza ni pale kwenye maporomoko ya maji. T’Challa, mrithi wa Wakanda, ile nchi ya kubuni, ana nguvu za ajabu, lakini kabla ya kupigania kiti ananyweshwa dawa ya kumwondolea nguvu hizo. Anaingia majini akiwa mtu tu, kifua wazi, na ukoo wake umesimama juu ya majabali unamwangalia. Anapigwa na unasikia. Umeona walivyotafuta kitovu? La pili ni la mwisho, kule chini mgodini, yeye na adui yake Killmonger wote wamevaa mavazi yasiyopenywa na kitu. Waliotengeneza walijua tatizo lao, wakaweka treni zinazopita na kuyafungua yale mavazi kwa muda. Lakini miili yenyewe imechorwa na kompyuta, inarushwa huku na huku kama makopo matupu kwenye upepo wa kusi, na moyo wangu hausogei mpaka mapigano yamekwisha na yule adui amekaa anaangalia jua likizama.

Hapo ndipo filamu ile inapozishinda nyingi. Killmonger ana haki yake. Baba yake aliuawa Oakland na mfalme wa Wakanda, yeye akaachwa yatima, na swali lake kwa Wakanda ni zito: mlikuwa wapi weusi wenzenu walipokuwa wakiteswa? Anashindwa, lakini T’Challa anatoka pale akiwa amebadilika, anaifungua nchi yake. Na maneno ya mwisho ya yule kijana, kwamba azikwe baharini pamoja na mababu walioruka kutoka merikebuni kwa kuona kifo ni bora kuliko utumwa, sisi wa pwani hatuwezi kuyasikia juu juu, sisi ambao majahazi yetu nayo yalibeba watu. Zungumza na wanao hapo. Simamisha filamu kama ni lazima.

Kwa upande wa mavazi na mji wenyewe sina neno. Ruth Carter na Hannah Beachler walipewa Oscar kwa haki kabisa.

Ya Avengers, zile filamu za mashujaa wengi pamoja, nitayapita haraka. Mwaka 2018 wanatuonyesha nusu ya viumbe wote wakigeuka vumbi, watu wakalia ukumbini. Mwaka 2019 karibu wote wakarudishwa. Mtoto anajifunza kwamba kufa ni kusubiri sehemu ya pili. Anayekumbukwa kwa uchungu ni Tony Stark, yule Iron Man, kwa sababu yeye alikufa na hakurudi.

Lakini za maajabu zenyewe msizikatae, tafadhali. Mwambie shemeji joka si kosa. Katika The Lord of the Rings, zile 3 alizozitoa Peter Jackson wa New Zealand mwaka 2001 hadi 2003, Frodo anaibeba pete ya uovu safari nzima ili akaiteketeze, anafika ukingoni mwa moto, na anashindwa kuitupa. Stelingi anashindwa! Anaipoteza kwa kung’atwa kidole na Gollum, kiumbe aliyeitamani pete ile, na ni pupa ya Gollum inayoiokoa dunia. Kisha anarudi kwao, kila mtu anasherehekea, naye hawezi tena kukaa, jeraha lake haliponi. Mapigano yake ni makubwa kuliko yote niliyowahi kuona, na bado kilele chake ni mtu mdogo aliyeelemewa. Filamu ya tatu, The Return of the King, ilipata Oscar 11, zote ilizoteuliwa. Mafundi wake waliunganisha deraya za askari kwa mikono, pete moja moja za plastiki, na jicho linaona hata kama halijui linaona nini. Jackson huyo huyo akaja kuchukua The Hobbit, kitabu kimoja cha watoto, akakivuta kuwa filamu 3, na humo watu wanaanguka mashimoni na kuporomoka na madaraja bila hata kuchubuka. Mtu mmoja, dunia ile ile, na kitovu kimepotea.

Kuna kasoro nyingine ambayo nataka uizungumze na watoto waziwazi, kwa sababu inatuhusu. Mara ngapi umesikia adhana ndani ya filamu za Marekani, na nyuma yake likafuata bomu? Picha inageuka rangi ya manjano, mwadhini anaadhini, na unajua tayari kwamba hapa ndipo kwa maadui. Sauti inayowaamsha wanao alfajiri, inayowatuma chuoni, imefanywa kengele ya hatari. Nimewaona watoto wa hapa, wenye kofia vichwani, wakimshangilia stelingi akiwaangusha watu waliovaa kama babu zao, na wao hawakutambua lolote. Hilo linaniuma kuliko damu yoyote. Usiwazimie filamu. Kaa nao, uwaulize: huyu aliyeanguka alikuwa na jina? Alisema neno hata moja kabla hajapigwa risasi? Mtoto mwenye miaka 9 anaelewa swali hilo.

Ndiyo maana sichukii wanapoangalia zile zilizotafsiriwa na DJ Afro, ambazo najua baba yao anaziona ni kelele. Yule bwana anaichukua filamu ya watu, anaisimulia kwa Kiswahili cha mtaani, anawapa majina, anawatania wakubwa wa mle ndani, na ghafla filamu iko barazani petu. Kusimulia juu ya picha ni ufundi, na watoto wanaousikia wanajua kwamba picha si msahafu, inaweza kujibiwa.

Na kama shemeji anataka moja ya kuanzia, aanze na Supa Modo ya Likarion Wainaina, ya mwaka 2018, ya hapa hapa Kenya. Msichana mdogo, Jo, ni mgonjwa, ugonjwa wake hauna dawa, na ndoto yake ni kuwa shujaa mwenye nguvu za ajabu. Dadake anamfanya aamini anazo, kijiji kizima kinaingia kwenye mchezo, mwishowe wanamtengenezea filamu yake. Haina fedha za Hollywood na hukosi chochote. Nilipoimaliza nilikaa muda sijui niseme nini na wale watoto walionizunguka, wakawa wao ndio wanaonieleza mimi.

Siku moja nataka kumwona Liyongo hivyo. Apigwe picha Pate na Siyu, kwa waigizaji wa huku na lugha ya huku, na ile sindano tuione kwa karibu mkononi mwa kijana kabla hajaingia chumbani. Kama wanao wana hamu ya kamera, hicho ndicho cha kuwaeleza.

Maulidi msikose kuja. Basi likishusha Mokowe nipigieni, nitamtuma mpwa wangu awapokee kwenye boti. Waje wote, na shemeji pia, tutaangalia The Return of the King yote, ni zaidi ya saa tatu, kwa hiyo uje na mahamri yako. Nisalimie mama mkwe wako, na mwambie ule ukili aliouagiza uko tayari.

Wasalaam,
Shogayo wa Langoni